Betri Iliyokufa ni ya Nani?

Swali la leo laonekana dogo, tena la kuchekesha. Mtu amenunua betri za radio yake, zile ambazo wengi wetu huziita mawe. Zamfaa kwa muda, kisha zafa. Basi huzitoa, huzitupa nyuma ya nyumba penye migomba, na kununua nyingine. Je, zile zilizotupwa ni za nani?

Wengi watajibu upesi: "Si za mtu. Kitu kilichotupwa hakina mwenyewe." Na kwa vitu vingi jibu hilo ni la haki. Ganda la ndizi likitupwa, udongo hulipokea, nalo hugeuka udongo. Chungu kikivunjika, vigae vyake havimdhuru mtu ila yule anayevikanyaga. Wazee wetu walitupa vitu vyao nyuma ya nyumba vizazi kwa vizazi, wala hawakumkosea mtu, kwa kuwa vitu vyao vilitoka katika udongo wa pale pale na kuurudia.

Lakini siku hizi vimeingia vijijini vyombo vya namna nyingine: simu, radio, taa za nguvu ya jua, televisheni, waya za kila rangi, na betri kubwa za motokari ambazo watu huziweka nyumbani ili ziwashe taa usiku. Vyombo hivi vikifa haviozi. Wenye elimu huviita taka za elektroniki, yaani takataka za vyombo vyote vitumiavyo umeme. Navyo vyatuuliza swali la haki, ambalo wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuulizwa: faida ya kitu ikiisha, je, na wajibu wa mwenye kitu huisha?

Kwanza yafaa kujua kilichomo ndani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Simu moja ina shaba, ina bati, ina dhahabu kidogo sana, na ndani ya betri yake mara nyingi mna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo, pande za Kolwezi na Likasi. Bati na koltani hutoka Kivu. Ndiyo kusema, simu iliyokufa ikitupwa Uvira au Moba, huenda ni mtoto wa nchi aliyesafirishwa mbali, akauzwa, akatumikishwa, kisha akarudi kwao mgonjwa.

Si kila kilichomo ni sumu, wala sumu zote si sawa. Betri ndogo za tochi zitengenezwazo siku hizi hazina ukali wa zile za zamani. Katika taa ndefu za mirija mna zebaki. Katika betri za namna nyingine mna kadimiamu, madini yanayoharibu figo. Lakini nitakaa juu ya moja, kwa kuwa ndiyo inayoua watoto zaidi: risasi. Neno hili tumelizoea kwa ajili ya bunduki, maana marisasi hutengenezwa kwa madini hayo. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yanayoyeyuka kwa moto mdogo. Sehemu kubwa ya uzito wa betri ya motokari ni risasi hiyo.

Nayo ni yenye hila. Ikiingia mwilini, mwili wadhani kwamba ni kalisi, yale madini yanayojenga mifupa na meno; basi huipokea kama rafiki na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mama mwenye mimba humgawia mtoto wake aliye tumboni bila kujua. Mtoto mdogo akiimeza pamoja na vumbi la vidole vyake, tumbo lake huchukua mara nne au tano kuliko tumbo la mtu mzima. Ikiwa kidogo, mtoto huwa mzito wa kujifunza, damu yake hupungua, hukasirika bila sababu. Mwalimu humwita mvivu na baba humpiga. Ikiwa nyingi, huumwa tumbo, hutapika, hushikwa na degedege, hufa. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema hakuna kipimo cha risasi, hata kidogo namna gani, ambacho chajulikana kuwa salama. Na ubongo wa mtoto ukiisha kuharibiwa nayo, dawa haiurudishi ulivyokuwa.

Sikilizeni mambo yaliyotokea Senegal. Pembeni ya mji mkuu wa Dakar, kando ya bahari, pana mahali paitwapo Thiaroye-sur-Mer. Kwa miaka mingi watu wa pale walivunja betri za motokari zilizokufa ili watoe risasi na kuiuza. Vipande na unga vilianguka mchangani, vikakanyagwa, vikasahauliwa. Mwaka 2007 bei ya risasi ilipanda sana. Ndipo watu walipokumbuka kwamba mchanga wao una risasi. Wanunuzi walikuwepo. Wenyeji wakachimba, wakachekecha kwa chekeche, wakajaza magunia, wakayapeleka nyumbani wanamolala watoto. Angalieni vizuri: hapo hapakuwa na mwizi. Ilikuwa kazi ya jasho, na fedha yake ilinunua mchele.

Tangu Novemba 2007 hata Machi 2008 watoto 18 walikufa pale, ugonjwa ukiwapanda upesi kichwani, wala sababu haikujulikana. Baadaye damu ilipopimwa, risasi ilionekana. Shirika la Afya la Ulimwengu lilituma wataalamu mwaka 2008. Waliwapima watu 81, na kati yao watoto 50. Wote 81 walikuwa na sumu ya risasi mwilini, hata wale ambao kwa macho hawakuonekana wagonjwa.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Kama katika kijiji chetu watoto 18 wangekufa kwa miezi mitano, mmoja baada ya mwingine, tungesema nini? Tunajua wenyewe tungesema nini. Mjane mmoja mzee, asiye na mtoto wa kumtetea, angetajwa jina. Nyumba yake ingechomwa, au yeye mwenyewe angefukuzwa porini. Na wakati watu wakimtafuta mchawi, magunia yale yangekaa pale pale chini ya kitanda, na mtoto wa kumi na tisa angelala juu yake. Sisemi kwamba kila degedege ni risasi. Mara nyingi zaidi ni malaria, na mtoto apelekwe hospitalini asubuhi ile ile. Nasema kwamba mtu asiyejua sababu ya kifo amtazame kwanza mchanga wake kabla ya kumtazama jirani yake.

Sasa tulirudie swali letu. Mwindaji huchimba shimo njiani kwa nyama, hulifunika kwa matawi na majani. Akipata nyama, ni yake. Siku moja aacha kuwinda, ahamia upande mwingine, na shimo abaki nalo nani? Jioni moja mtoto wa jirani apita na kutumbukia. Mwindaji aitwa mbele ya wazee, naye asema: "Shimo lile niliisha kuliacha. Si langu tena." Ni mzee gani atakayelikubali neno hilo? Hata sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, ilimdai mwenye shimo lisilofunikwa alipe, ng'ombe wa mwingine akitumbukia ndani yake.

Kwa nini alipe? Si kwa sababu alikusudia mabaya, hakukusudia. Wala si kwa sababu shimo bado ni mali yake; labda ni kweli ameliacha. Alipa kwa sababu aliweka hatari katika njia ya watu wote kwa ajili ya faida yake, na faida alipoisha kuipata, aliwaachia wengine hatari bila kuwauliza. Mtu aweza kuiacha mali yake, akisema: anayetaka na aichukue. Hatari yake hawezi kuiacha hivyo, kwa kuwa atakayeipata hakuitaka, na mara nyingi ni mtoto asiyeweza hata kuiona. Betri iliyovunjwa ni shimo la namna hiyo, tena baya zaidi. Shimo la mwindaji hukaa mahali pake, na mvua za miaka michache hulijaza. Unga wa risasi huchukuliwa na upepo na maji, huingia chumbani kwa miguu ya watu, na mvua ya miaka kumi haiuondoi.

Kwa hiyo nasema: betri iliyokufa bado ni ya yule aliyeitumia, mpaka atakapoitia mikononi mwa mtu awezaye kuishughulikia bila kumdhuru mwingine.

Najua jibu hili halitawapendeza wote. Mmoja atasema: "Mwalimu, mimi sikujua." Neno lake ni la kweli, na haki yaliheshimu. Ujinga ambao mtu hakuweza kuuondoa haumtii hatiani. Akina mama wa Thiaroye waliochekecha mchanga hawakuua mtu. Wao ndio waliofiwa, na anayewalaumu hana moyo. Lakini uko ujinga mwingine. Uko ujinga wa mtu ambaye angeweza kuuliza, akaona kwamba jibu litampunguzia faida, basi asiulize. Anayenunua mchanga wa risasi magunia kwa magunia hawezi kusema alidhani ni mchanga wa kujengea. Ujinga wake ni kama wa mtu afumbaye macho sokoni ili asimwone anayemdai. Nawe msomaji, uliyefika mpaka mstari huu, ule ujinga wa kwanza umekwisha kukutoka.

Mwingine atasema: "Hatia ni ya matajiri. Wao ndio wanaotengeneza, wao ndio wanaotuletea." Huyu ana haki kubwa, wala sitaki kumpunguzia. Mwaka 2022 dunia nzima ilitoa taka za elektroniki tani milioni 62. Ukigawanya kwa watu, kila mtu wa Ulaya alitoa kilo 17.6, na kila mtu wa Afrika kilo 2.5. Kati ya taka zote hizo, zilizojulikana kwamba zimekusanywa na kushughulikiwa vizuri hazikufika hata robo: ni 22.3 tu katika kila mia. Kwa Afrika, hazikufika hata moja katika mia.

Tena watu walichunguza vyombo vya umeme vilivyotumika vilivyofika bandarini Lagos, Nigeria, mwaka 2015 na 2016. Viliingia tani zipatazo 60,000 kwa mwaka, vingi ndani ya motokari kuukuu zilizoletwa kuuzwa, na zaidi ya tani 15,000 vilikuwa vimekufa siku ile ile ya kufika. Huitwa msaada kwa maskini, au biashara. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa wafika wakiwa maiti, na mwenyeji ndiye anayeugua. Kumpa maskini chombo kilichokufa si kumhurumia. Ni kufagia nyumba yako na kumwaga takataka mlangoni mwake, huku ukingoja akushukuru.

Mataifa yameliona jambo hili. Mwaka 1989 yalifanya mapatano mjini Basel juu ya kusafirisha taka za sumu. Nchi za Afrika hazikuridhika, zikafanya mapatano yao mjini Bamako mwaka 1991, yaliyoanza kutumika mwaka 1998, ya kukataza kabisa taka za sumu kuingizwa Afrika. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 mapatano ya Basel yadai kwamba taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisipelekwe nchi nyingine pasipo ruhusa ya nchi hiyo. Ni sheria njema. Lakini askari wa bandari hawezi kutazama chini ya kila kiti cha motokari.

Hata hivi, hatia haigawanyiki kama mkate, kwamba mkubwa akichukua kipande kikubwa mimi nibaki bila kitu. Mwenye meli atajibu kwa meli yake. Mimi nitajibu kwa betri yangu. Yule mtoto anayecheza penye migomba yangu hayuko Ulaya. Yuko hapa, nami namjua jina.

Swali gumu kuliko yote ni la tatu, nalo halina jibu la upesi. Yuko kijana asiye na shamba wala kazi, naye huchoma waya ili plastiki iungue na shaba ibaki, aiuze, ale. Je, atenda vibaya? Huko Accra, mji mkuu wa Ghana, palikuwa na uwanja mkubwa uitwao Agbogbloshie, mahali ambapo vijana wengi waliishi kwa kazi hiyo. Moshi mweusi ulipanda kila siku, nao ulikuwa na sumu ziitwazo dioksini, zinazokaa katika mafuta ya mwili na zinazoweza kuleta kansa. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliojitafutia chakula pale. Mtu mzima akila yai moja tu, angemeza dioksini mara 220 kuliko kipimo cha siku kinachokubaliwa na wakuu wa vyakula wa Ulaya. Yai, wasomaji wangu, chakula tunachompa mgonjwa apate nguvu!

Mwezi wa Julai 2021 serikali iliuvunja uwanja ule. Mioto ikahamia pembe nyingine za mji. Na ingewezaje kuzimika? Waliuvunja uwanja, njaa hawakuivunja.

Basi nimhukumuje kijana huyo? Naona hivi. Njaa hupunguza hatia, wala mtu aliyeshiba asimtupie jiwe. Lakini njaa haigeuzi moshi kuwa hewa safi. Mapafu ya mtoto wa jirani hayaulizi aliyewasha moto alikuwa na shida gani. Kwa hiyo wajibu wa kwanza si kumkemea kijana bali kumwonyesha njia nyingine, nayo ipo. Ganda la waya huweza kuchunwa kwa kisu. Kazi hiyo ni ya polepole, yachosha vidole. Lakini shaba iliyochunwa hubaki safi na kung'aa, na bei yake ni nzuri kuliko ya shaba iliyoungua. Mwenye lawama nzito ni yule anayekaa kivulini na mizani yake, akinunua shaba nyeusi kila jioni, bila kuuliza ule weusi umetoka wapi.

Sasa, watu wengi wakisikia habari hizi husema: dawa yake ni kurejeleza, yaani kuyatoa madini katika vyombo vilivyokufa na kuyarudisha katika kazi mpya. Ni kweli, na ni kazi nzuri sana. Risasi huweza kuyeyushwa tena na tena bila kupoteza thamani yake, na shaba vivyo hivyo. Lakini msidanganywe na neno. Watu wa Thiaroye nao walikuwa wakirejeleza. Vijana wa Agbogbloshie walikuwa wakirejeleza. Kule China, katika mji wa Guiyu uliojaa karakana za kazi hiyo, watoto 165 walipimwa, na habari zao zilitangazwa mwaka 2007: damu yao ilikuwa na risasi nyingi kuliko ya watoto wa mji jirani usio na kazi hiyo.

Karibu zaidi nasi, huko Mombasa nchini Kenya, katika mtaa wa maskini uitwao Owino Uhuru, kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za motokari. Ukuta wa kiwanda ulikuwa karibu na nyumba za watu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa pale mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua. Akapimwa malaria na magonjwa mengine, mpaka ikajulikana kwamba damu yake ina risasi. Mama yule hakuondoka na fedha yake na kunyamaza. Alirudi kwa jirani zake, wakapima watoto wao, wakalalamika kwa wakuu. Yeye akakamatwa, akasimama mbele ya hakimu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru watu wa mtaa walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ile ilipingwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka toka mtoto alipougua.

Kurejeleza kwa haki ni kule ambako tanuru limefungwa na moshi huchujwa. Wafanyakazi huoga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto wao. Damu yao hupimwa mara kwa mara. Na kiwanda kiko mbali na nyumba za watu. Haya yote hugharimu fedha. Mwenye kiwanda asiyeyafanya huuza risasi yake kwa bei nafuu, na ile tofauti ya bei hulipwa na mtoto wa jirani.

Mtauliza: "Mwalimu, sisi tuko mbali na viwanda. Tufanye nini?" Wajibu hauvuki uwezo. Huwezi kudaiwa kiwanda usichonacho. Mnachoweza ni kuizuia sumu isitoke ndani ya chombo chake, kwa maana betri nzima, iliyofungwa, haimdhuru mtu. Sumu hutoka ikivunjwa, ikichomwa, au ikioza kwa mvua. Basi vyombo vilivyokufa viwekwe pamoja mahali pakavu, chini ya paa, mbali na watoto, mbali na kisima na jiko. Kijiji chaweza kuwa na sanduku moja. Mfanyabiashara aletaye betri mpya kwa lori yake hurudi Bukavu au Kalemie au Lubumbashi akiwa na nafasi. Na aulizwe kwa adabu kwa nini asirudi na zile za zamani, yeye aliyepata faida yake.

Betri ya motokari iuzwe nzima, pamoja na maji yake makali ndani. Mnunuzi akikuambia umwage kwanza asidi chini ili ipungue uzito, umekwisha kumjua ni mtu wa namna gani. Maji yale yana risasi. Fundi wa simu sokoni, anayefungua simu iliyokufa na kuifufua kwa siku mbili, afanya kazi bora kuliko kiwanda, kwa kuwa simu hiyo si taka tena. Na taa ya bei rahisi inayokufa baada ya miezi mitatu ni ghali. Anayeijua na kuinunua tena anunua takataka.

Nawaonya juu ya betri moja ndogo, ya mviringo kama kifungo cha shati, iliyomo katika saa na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza, huweza kuunguza vibaya koo lake kwa saa mbili tu. Apelekwe hospitalini mara moja, hata kama halii.

Katika shule za vijijini kuna desturi ya kuvunja betri za tochi na kuusaga unga wake mweusi ili kupaka ubao upya, na mara nyingi watoto ndio wanaosaga. Unga ule una manganizi, nayo ikivutwa pamoja na pumzi kwa muda mrefu hudhuru ubongo. Sioni sababu ya kumfundisha mtoto kuandika kwa kitu kinachoweza kumharibia akili. Masizi ya chini ya chungu, yakichanganywa na uji wa muhogo, hupaka ubao vizuri. Hufifia upesi zaidi, ni kweli, basi hupakwa tena.

Yabaki neno kwa wavuvi. Anayeyeyusha risasi ya betri ili apate vizito vya wavu huifanya kazi hiyo jioni nyumbani, juu ya mafiga ya mama, watoto wakizunguka moto kwa kuwa ni jambo la kupendeza kuona chuma kikiwa maji. Mvuke haunuki vibaya, kwa hiyo hakuna anayeukimbia. Mawe yaliyotobolewa tundu, au vipande vya matofali ya kuchoma, vilizamisha nyavu kabla ya motokari ya kwanza kufika ziwani, na bado huzizamisha. Na sufuria iliyokwisha kuyeyushia risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara saba, hata ikiwa ndiyo sufuria nzuri kuliko zote na mama akaililia. Itobolewe chini kwa msumari, ili asije mtu mwingine akaiokota na kuipikia uji.